Picha ya Mkono Chini ya Godoro

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kikombe kimeanguka tena. Cha uji wa Yudita. Safari hii kilikuwa kimejaa.

Nilikuwa nimekishika — naapa nilikuwa nimekishika! Macho yanaona vidole vimezunguka kikombe, lakini vidole vyenyewe havina habari. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Vimekufa ganzi. Viwili vya mwisho vizima kabisa. Ugonjwa gani huu unaochagua vidole?

Uji haukumfikia mtoto, ulimwagika sakafuni. Mama mkwe akatazama. Yeye akinyamaza ndiyo kasema.

Yuko hapa tangu Jumamosi. Katoka kijijini kwake Mahongole na kiroba cha viazi na mfuko wa nguo zake — mfuko mkubwa. Nikamuuliza kwa heshima, Mama, utakaa siku ngapi? Akasema amekuja kumsalimia mke mwenza. Mke mwenza ndiye Yudita, binti yangu wa miezi kumi. Utani wa mabibi. Lakini mfuko ule si wa salamu.

Baridi imeshika Makambako. Masweta ya shule arobaini yananisubiri kabla shule hazijafunguliwa Julai. Naandika kwenye kaunta buku hii kwa sababu chumbani hakuna wa kumwambia. Mume wangu Mika yuko Dodoma tangu Januari, anajenga nyumba za watu. Nikimwambia kwenye simu kwamba vidole vimelala atasema viamshe.

Alhamisi, 6 Juni

Mkono unaniamsha. Unawaka moto na huku una ganzi, sijui vinakaaje pamoja. Naukung'uta kama mtu mwenye maji vidoleni, ndipo unatulia.

Mama mkwe ananipima. Nina hakika sasa. Kila siku — nifungulie, mwanangu. Juzi kopo la mafuta ya kupaka. Jana chupa ya chai. Leo vifungo vya sweta lake mwenyewe! Mwanamke aliyelima peke yake miaka yote, leo hawezi vifungo? Anataka kuona vidole vyangu vinafanya nini, akamwambie mwanawe. Kopo nililifungua kwa meno alipogeuka.

Tena kuna hili. Yudita hambebi mikononi. Mgongoni tu, khanga imekazwa kwa fundo kubwa. Mtoto akimnyooshea mikono yeye anainama, panda, mke mwenza, panda. Nadhani ananionyesha. Hivi ndivyo watoto wanavyobebwa na watu wenye akili.

Leo kwenye kibanda cha Dainess nimefuma masweta mawili. Kawaida yangu manne. Mashine za kufuma zote tatu ni za Dainess, mimi nakalia ya dirishani, nasukuma kile kisukumio kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jioni. Dainess akaja karibu, akapunguza sauti. Eti Mama Yudita, aliyekalia mashine hiyo kabla yako naye alianza hivyohivyo.

— Alianza nini?

— Mkono.

— Mbona hukuniambia?

— Ungekuja?

Akacheka! Mimi sikucheka.

Jioni mama mkwe naye katoa lake. Kuna mtu kanitilia kitu kwenye nyuzi. Twende Mahongole, yupo mtu wake, anachanja chale tatu na kupaka dawa, basi. Nikasema hapana, Mama. Mkono huu hauguswi na wembe wa mtu.

Yeye mwenyewe anazo chale. Nimeziona akinawa. Kifundo cha mkono wa kulia, vistari vitatu vyeusi, vya zamani. Sikuuliza ni vya nini.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kituo cha afya. Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko mimi. Kanigonga kifundo cha mkono kwa ncha ya kidole chake — umeme ukapiga mpaka ukuchani! Kanikunjisha viganja, tukakaa dakika moja tukitazamana kama watu wasiojuana kanisani. Vidole vitatu vikafa ganzi palepale. Akaminya ule mnofu wa chini ya kidole gumba. Akasema nyama bado ipo. Hapa pakishanywea hapajai upya kirahisi. Umewahi.

Nikaanza kumpenda. Halafu akaniuliza kama nina ujauzito.

Nimemjia na mkono, ananiuliza tumbo! Nikasema sina, mume wangu yuko Dodoma tangu Januari. Akaandika. Kaandika nini, sijui. Akasema anauliza kwa sababu wajawazito na waliojifungua hupata sana ganzi hii, na watu wanaorudia kazi moja ya mkono kutwa. Kuna mshipa wa fahamu unapita hapa kwenye kifundo ndani ya kijia chembamba, kama maji yanavyopita kwenye kalavati chini ya barabara kuu. Kukivimba humo, mshipa unabanwa. Lakini anataka uhakika. Niende Njombe Ijumaa, kuna mtaalamu atanipiga utrasaundi.

— Utrasaundi ya nini?

— Ya mkono.

Mimi nimezaa. Najua utrasaundi ni ya nini. Kwanza ananiuliza mimba, halafu ananipeleka utrasaundi, halafu anasema ni mkono! Nani anamfundisha kudanganya vibaya hivyo?

Karatasi nimeichukua. Nitakwenda. Kwa sababu ya kikombe. Siku moja hakitakuwa kikombe, atakuwa Yudita.

Mama mkwe nimemwambia Ijumaa nafuata nyuzi Njombe. Uongo wa kwanza.

Ijumaa, 14 Juni

Nimerudi. Mkono umechoka lakini lazima niandike yote. Mistari mingine hii ni ya mkono wa kushoto.

Nilikwenda na Yudita mgongoni. Njombe baridi yake si ya Makambako, inauma meno. Kwenye benchi la utrasaundi tulikuwa wanawake saba. Sita matumbo yao yanatangulia. Mmoja, mama mnene mwenye kofia ya sufu, akasogea kunipa nafasi, akamtazama Yudita, akanitazama mimi.

— Huyu bado mdogo hivi! Una miezi mingapi?

— Nimeleta mkono.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaambia wenzake, jamani, huyu kaleta mkono, na mimi nimeleta goti. Benchi zima likacheka. Nikajifunika kitenge mpaka masikioni.

Mtaalamu anaitwa Haruni. Mrefu, mpole. Na wapole nao nawaogopa. Hakuniambia nilale. Hakuniambia nifungue nguo. Kaniambia nikae kwenye kiti, niweke mkono juu ya mto, kiganja juu. Hata hivyo blauzi yangu niliishikilia kwa mkono wa pili mpaka mwisho. Huwezi kujua.

Kapaka ile dawa ya ute, baridi, kwenye kifundo. Kashika kile kidude chao cha kupimia — hiki kilikuwa chembamba, si kama cha tumbo — akakitelezesha. Akasema angalia kwenye kioo.

Kijivu tupu. Kama asubuhi ya Njombe, ukungu mpaka mlangoni. Halafu akanyoosha kidole. Hiki hapa. Kiyai kidogo, cheusi. Huo ndio mshipa wako wa fahamu, tumeukata kwa picha kama mtu anavyokata kitunguu. Akasema kunja vidole. Nikakunja. Jamani! Vitu vikapishana mle ndani, kamba kwa kamba, zinateleza kwenda na kurudi kama mashine yangu ya kufuma. Zote zinatembea. Kiyai peke yake kimekaa, kimebanwa ukutani, hakina pa kwenda.

Nikakionea huruma. Mkono wangu mwenyewe, nikauonea huruma kama mtoto wa mtu.

Akakizungushia duara la vidoti. Mashine ikatoa namba. Kumi na sita.

Halafu akasema nipe mkono wa kushoto.

Nikaurudisha nyuma. Wa kushoto mzima! Anatafuta nini kule? Akangoja. Akasema huo mzima ndio shahidi wangu, mama. Bila huo nitajuaje kwamba wewe hukuzaliwa na mshipa mnene? Nikampa. Tisa. Kumi na sita na tisa, milimita za mraba. Hata mimi wa darasa la saba naona tofauti. Akapanda na kidude chake mpaka katikati ya mkono wa kulia, kule mshipa mwembamba. Akishuka kifundoni, mnene. Akasema ukikanyaga mpira wa maji, unavimba pale kabla ya mguu.

Nikamuuliza lile swali. Kama kuna mtu anaweza kuwa ameniwekea kitu, kama asemavyo mama mkwe.

Hakucheka. Akafikiri kwanza. Akasema mimi naona kilichovimba. Aliyekiweka haonekani kwenye mashine hii.

Jibu zuri. Zuri mno. Njiani kurudi nimelichunguza huku na huku sijaona pa kulikamata.

Kanipa picha, ile nyeusi na nyeupe ya karatasi laini, na ripoti. Kiyai na vidoti vyake. Nimepewa na kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala, kina bati ndani kinyooshe kifundo. Wiki sita. Nipunguze mashine, nirudi kuonwa tarehe 26. Isiposaidia, sindano hapo kifundoni. Isiposaidia tena, upasuaji mdogo, kufungua kijia. Yudita muda wote alikuwa anachezea ute ule kwenye kidole chake kimoja, kashangaa. Ndiye pekee aliyefurahi.

Jumamosi, 15 Juni

Picha nimeificha chini ya godoro, ndani ya kadi ya kliniki ya Yudita. Ripoti iko hapa kwenye kaunta buku. Atakayeona neno utrasaundi atauliza, na nitasema mkono, na watacheka kama lile benchi. Mika aone kwanza. Akija.

Mama mkwe kauliza kile kifaa cha nini. Nimesema nimeteguka nikibeba nyuzi. Uongo wa pili.

Usiku wa kwanza nacho nimeamka mara moja tu. Siamini.

Jumatano, 19 Juni

Kuna mtu kashika godoro langu.

Kadi niliiweka imetazama chini. Leo imetazama juu. Na picha imekunjwa kona. Mimi sikuikunja.

Kwenye kibanda Dainess kaniambia nisinyanyue boksi la nyuzi. Kwa upole! Dainess! Mwezi uliopita aliniacha nibebe mabunda matatu peke yangu huku anakula mahindi ya kuchoma. Leo kaninunulia chungwa. Akakaa kunitazama nikilila.

— Machungwa unayapenda siku hizi?

— Nani hapendi chungwa?

— Aa, nauliza tu, shoga.

Jioni nikamtaka Yudita nimnyonyeshe. Mama mkwe kasema kashiba, kampa uji mzito. Nikasema nipe hivyohivyo. Akageuka akaenda kuchungulia maharage. Maharage hayakuwa hata motoni.

Hapa kuna kitu. Wanakijua wote isipokuwa mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Saa saba mchana, kibandani. Mika kapiga simu. Mika hapigi mchana, mchana ni zege.

Kaniuliza habari za huko. Nzuri. Kaniuliza tena. Mara ya tatu nikamwambia sema, Mika. Akasema, Prisila, huna jambo la kuniambia? Nikasema ninalo, nilikuwa nakungoja uje — ni mkono.

Nasikia mashine ya kuchanganya zege.

— Mama kanitumia picha kwa simu ya Dainess. Dainess anasema ni wiki saba. Au nane.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Nilidhani na yeye atacheka. Nikasema ile ni picha ya mkono wangu, Mika, ni mshipa, uliza hospitali. Akarudia polepole kama mtoto anayejifunza kusoma. Utrasaundi. Ya. Mkono. Mimi nimeondoka hapo Januari, Prisila.

Nikamwambia ripoti ninayo, ina jina langu. Akasema nunua kipimo cha mimba hapo dukani, ukojoe, unitumie picha.

Nilitaka kukubali. Kweli, kwa nusu dakika nilitaka, yaishe. Kisha nikaona nikikojoa leo nitakojoa kila mwezi. Nikamwambia sikojoi kwenye kikopo ili mume wangu aniamini. Akakata. Au salio liliisha. Sijui.

Dainess alikuwa amekaa kwenye mashine yake, hasukumi.

— Dainess, utrasaundi umesomea wapi?

— Nimezaa wanne, mama. Picha zao nazijua.

— Na hii ya nani?

— Hapo sasa ndipo mimi sipajui.

Saa kumi. Nimerudi chumbani. Mfuko mkubwa haupo. Khanga ya kubebea haipo. Yudita hayupo.

Jirani anasema wameondoka saa nane kwenda Mahongole. Bibi kamwambia mtoto anaachishwa ziwa leo, asije akabemendwa. Kwamba maziwa ya mama mwenye mimba yatamkondesha, miguu italegea, atakuwa anatazama tu. Na mimba ikiwa ya nje, ndiyo kabisa!

Matiti yamejaa, blauzi imelowa. Nimechukua ripoti. Bodaboda anapiga honi. Naenda.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika Mahongole, kwa mama mkwe, mezani kwake. Yudita kalala hapa kwenye mapaja yangu. Nianze mwanzo.

Nilimkuta jikoni kwenye mafiga. Yudita mgongoni, analia kile kilio cha mwisho kisicho na sauti. Nikasimama mlangoni. Nikasema Kamwene, Mama. Akaitikia. Salamu hata kwenye ugomvi huwezi kuiacha chini.

— Nipe mtoto.

— Mtoto anaachishwa.

— Nipe mtoto wangu, Mama, halafu unitukane nikiwa naye.

Nadhani alikuwa na maneno ameyapanga, lakini Yudita alisikia sauti yangu akajitupa kando, akawa ananing'inia. Mama akashika fundo la khanga kifuani. Akavuta. Halikufunguka. Akavuta tena. Nikaona vidole vyake vinateleza juu ya fundo kama vya mtu aliyevaa soksi mikononi. Akainama, akaling'ata.

Kwa meno.

Nikasimama pale kama nimemwagiwa maji. Kopo la mafuta. Chupa ya chai. Vifungo vya sweta. Panda, mke mwenza, panda!

Hakuwa ananipima.

Nikaenda nikafungua fundo mwenyewe, kwa kushoto na meno, tukasaidiana, wawili wagonjwa na fundo moja. Yudita akanidondokea. Nikakaa kwenye kigoda chake nikamnyonyesha bila kuomba ruhusa. Mama hakunizuia. Alikaa anatazama koo la mtoto likimeza, kama anayengoja aone sumu inafika wapi.

Mtoto alipotulia nikasema lete mkono wako, Mama. Wa nini? Lete. Nikaugeuzia kwenye mwanga wa mlango. Chini ya kidole gumba, pale daktari alipominya kwangu akasema nyama bado ipo — kwake hakuna. Shimo. Ngozi na mfupa. Na juu ya kifundo vile vistari vitatu.

— Tangu lini?

— Uzee huo, Mama Yudita.

— Uzee umechagua mkono mmoja? Tangu lini?

Akasema tangu mwaka wa msiba wa baba mkwe. Miaka sita. Ndipo alipoacha kusuka nyungo. Sisi wote alituambia ni macho! Nilimtungia uzi kwenye sindano miaka yote hiyo kwa heshima ya macho yake. Anasema alijua ni wifi yake, waligombania shamba. Alichanjwa. Mkono haukurudi. Akaona basi, kalaaniwa, akanyamaza. Ndiyo maana alitaka nichanjwe mapema, kabla laana yangu haijafika ndani.

Halafu akasema jingine, anatazama moto. Mwaka juzi sufuria ya maji ya moto ilimtoka hapahapa. Praygod, mtoto wa wifi yangu Jane, alikuwa karibu. Maji yalimpata mguu. Bibi akasema mtoto ndiye aliyevuta sufuria. Mtoto akachapwa juu ya kidonda.

Nakumbuka siku ile. Hata mimi nilimwambia Praygod ni mtundu.

Akasema, nilipoona kikombe chako kinaanguka, nilijua. Nikasema mikono iliyokufa isimshike huyu, si yako, si yangu. Mgongo tu. Na ile picha ndiyo ilinimaliza.

Nikasema ilete. Ilikuwa ndani ya Biblia yake. Nikafungua ripoti, nikamwonyesha jina langu, nikamwonyesha palipoandikwa kifundo cha mkono wa kulia kwa Kiingereza, nikamtafsiria kama Haruni alivyonisomea. Akasema karatasi inaandikwa chochote. Akaweka ukucha kwenye kiyai.

— Na hiki, kama si kichwa?

— Mshipa.

— Mshipa una vidoti?

— Kachora yule kijana.

— Kwa nini achore kama hakijui kichwa kilipo?

Hapo nilichoka. Nikamwambia, Mama, Jumatano nakwenda Njombe kuonwa tena. Twende wote. Ile mashine ikuangalie wewe. Kikitokea kiyai cheusi kwako, ndani ya mkono wako, miaka sitini na tatu — basi ama tuna mimba wote wawili ama hatuna.

Hakucheka. Akasema watu watamwona kwenye benchi lile. Nikamwambia hata mimi waliniona.

Akasema sawa, lakini mtoto abaki hapa mpaka Jumatano, tusijaribu bahati. Nikasema hapana. Nampenda huyu mama, sasa naona nampenda, nilimchemshia maji ya kuoga usiku huohuo. Lakini hapana. Yudita analala ninapolala. Ukitaka alale Mahongole, basi na mimi nalala Mahongole.

Ndiyo nimelala Mahongole.

Jumapili, 23 Juni

Ujumbe wa Mika. Mama kasema mnakwenda Njombe. Nasubiri.

Basi! Nasubiri. Hakuna samahani, hakuna habari ya mkono. Nani anamsubiri nani?

Nimeamka bila kukung'uta mkono, siku ya tatu leo. Bado naukagua kila asubuhi, nabonyeza kidole kwa kidole kama fundi anayekagua sweta la mtu mwingine.

Mama nimemkuta anamwangalia Yudita miguu, anaikunja na kuinyoosha. Anatafuta kulegea. Sijui Jumatano anakwenda kwa ajili ya mkono wake au kwa ajili ya tumbo langu. Amekubali upesi mno.

Jumatano, 26 Juni

Njombe. Benchi lilelile. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitasema kitu.

Daktari wa hapa kaniona tayari. Nusu ya saa tu. Kasema niendelee na kifaa, mnofu uko palepale. Mama akakaa pembeni yangu humo ndani bila kupepesa. Nilipomwambia daktari kuhusu mkono wake, daktari aliuminya mara moja, akaacha kutabasamu. Akaandika karatasi. Kamwambia kwako mama nyama imekwisha kunywea, sitakuahidi itarudi, lakini tuone kama mshipa bado unaokoleka, inawezekana ukahitaji kufunguliwa. Mama akaniuliza nje, kufunguliwa kwa wembe? Nikasema kwa wembe, lakini wa mtu anayeona ndani. Akawaza hilo.

Sasa tumekaa. Wanawake watano wenye matumbo, mimi, na yeye. Kavuta khanga mpaka imebaki pua. Yudita kakaa mapajani pake — si mgongoni. Kamzungushia mikono yote miwili kama kitanzi, vidole havimgusi, viwiko ndivyo vinamshika.

Mlango wa uani umefunguka. Ee Mungu! Mama Faustine, mke wa mzee wa kanisa, Mahongole. Kamsindikiza binti yake.

— Kamwene, Mama Mika! Weee! Na wewe huku?

Mama hakuwa na pa kujificha. Khanga ikateremka.

— Nimeleta mkono, kasema.

Mama Faustine kacheka. Kicheko kilekile! Mkono, Mama Mika? Utrasaundi? Kashika ukuta. Kasema haya, hongera ya huo mkono, utatuitia ngoma. Benchi zima linatetemeka. Kufikia Jumapili Mahongole nzima itakuwa inahesabu miezi.

Mama kanigeukia. Kanitazama tu, muda mrefu, kama siku ile ya uji, lakini siyo kama siku ile.

Halafu kaninong'oneza sikioni.

— Akimaliza mkono wangu, aangalie na tumbo lako.

— Kwanza mkono, Mama.

— Kwanza mkono, kasema. Lakini hajasema sawa.

Haruni kafungua mlango. Anasoma karatasi. Anaita Lukresia. Hakuna anayemwita Mama hivyo, mpaka kaitwa mara ya pili ndipo kashtuka. Anasimama. Anatafuta khanga ya kubebea amfunge Yudita mgongoni kwangu. Ameishika. Anaitazama. Ameiacha kwenye benchi.

Ananiletea mtoto hivihivi, mikononi. Mshike, anasema.

Naweka kalamu